Saa ya kupanda meli ya utalii: maana yake nini na wanaipangaje

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anaishi Texas, mwaka huu kazini walimpa likizo akalipa safari ya meli ya utalii ya siku saba, akatutumia picha ya biye yake, yaani tiketi, kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Ile biye ilikuwa na saa mbili. Meli inaondoka saa kumi ya mchana, lakini yeye afike bandarini kati ya saa sita na nusu na saa saba. Mama alikuwa amekaa kibarazani hapa Goma, akaleta simu karibu na macho, akasoma, akasoma tena, akauliza: "Bato inatoka saa kumi, sasa banamwitia nini saa sita na nusu? Na akifika saa tano banamurudisha?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilienda kulitafuta, na nikaona ni kitu kinachotuhusu hata sisi watu wa ziwa Kivu ambao pengine hatutapanda meli hizo kamwe, njo maana naandika.

Kwanza ile saa sita na nusu siyo saa ya kuingia ndani ya meli. Ni zamu ya kufika kwenye mlango wa teminali, yaani lile jengo la bandari ambapo wanakagua mizigo na pasipoti. Kila kampuni inaita jina lake, wengine wanasema saa ya kufika, wengine saa ya miadi, wengine saa ya kuchekini, lakini kitu ni kile kile: kampuni inagawa mchana katika vipande vidogo, mara nyingi vya nusu saa nusu saa, na kila kipande kinapewa idadi ya watu, idadi ikijaa kile kipande kinafungwa. Saa ya kukanyaga meli yenyewe inakuja baadaye kidogo, ukishapita ukaguzi. Halafu iko saa ya tatu ambayo njo kali kuliko zote, saa ya mwisho ya kupokelewa, kawaida saa moja au saa moja na nusu kabla meli haijang'oa nanga. Hiyo ikipita umebaki, hata kama meli bado unaiona kwa macho.

Sasa sababu gani wasiache watu waje tu wanavyotaka?

Juu ile meli asubuhi ya siku hiyo hiyo ilikuwa imejaa watu wengine. Hapo njo penye ufunguo wa mambo yote. Meli inafika bandarini alfajiri, abiria wa safari iliyopita wanashuka na mavalizi yao mpaka kwenye saa tatu, saa nne hivi, na hapo hapo wafanyakazi wanabadilisha mashuka ya maelfu ya vitanda, wanasafisha vyoo, wanaingiza chakula cha wiki nzima. Meli moja inayoitwa Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, inaweza kuchukua abiria mpaka 7,600 vitanda vyote vikijaa, ukiongeza wafanyakazi 2,350 hapo unapata mtaa mzima. Wote washuke, wengine wapande, siku moja, kupitia madaraja machache ya kupandia.

Kwenye bandari za Marekani, abiria wa zamani wanapaswa kwisha kwanza ndipo wapya waanze. Watu wa forodha na mipaka wanataka hesabu ya abiria wa safari iliyopita ifike sifuri. Hata yule aliyelipa safari mbili mfululizo, ambaye kabini yake ni ile ile na nguo zake ziko kabatini, kawaida naye wanamshusha, anapitishwa kwa wakaguzi, halafu anarudi ndani, na hao wa kurudi njo wanakuwa wa kwanza kupanda. Abiria mmoja akichelewa kushuka, anatafuta pasipoti chini ya kitanda, watu elfu tano wanamngoja nje. Njo maana zamu za kwanza za saa tano asubuhi zinaweza kusogea.

Yeyote aliyepanda bato ya Bukavu anajua picha ya kinyume. Pale bandarini kwetu ubao ni mmoja kati ya ukuta wa gati na bato. Bato ikigusa tu, wale wa ndani wanataka kushuka na wale wa nje wanataka kupanda, mama ana beseni ya samaki kichwani na mtoto mgongoni, kijana anapitisha godoro juu ya vichwa vya watu, mwingine amesimama katikati ya ubao anaita kaka yake, na ubao unapinda. Hakuna mtu mbaya pale. Kila mtu anaogopa kukosa nafasi, na sababu hakuna aliyeambiwa nafasi yake ni ya saa ngapi wote wanaona nafasi ni sasa hivi.

Zamu zinaondoa ile hofu. Tupige hesabu: meli ina abiria 5,000 na teminali inapokea watu kwa masaa manne. Hapo ni watu 1,250 kwa saa, karibu 21 kila dakika, bila kupumzika. Ukiwa na mashine za kukagua mizigo za kutosha na watu wa kuangalia pasipoti wa kutosha inawezekana, lakini kama nusu ya watu wote wamefika saa tano kamili juu kila mtu anataka kula chakula cha mchana ndani, mstari unatoka nje ya jengo mpaka barabarani kwenye jua, mateksi yanabanana, wazee wanasimama, na saa nane mashine zile zile zinakaa bure. Jengo ni lile lile, watu ni wale wale, tofauti ni kupangwa tu.

Zamu zenyewe unazipata kwa kujiandikisha kwenye apu ya kampuni siku kadhaa kabla. Royal Caribbean wanafungua siku 45 kabla ya safari, Disney wanafungua siku 30 kabla kwa mtu ambaye ni mara yake ya kwanza na mapema zaidi kwa wale walioshasafiri nao. Unaingiza pasipoti, unapiga selfi, unaweka kadi ya benki itakayolipa vitu vya ndani, halafu apu inakuonyesha zamu zilizobaki. Anayewahi anachagua, anayechelewa anachukua kilichobaki. Yaya alijiandikisha usiku akitoka kazini, siku ya tatu baada ya kufunguliwa, akakuta saa tano na saa tano na nusu zimekwisha. Kwa hiyo ile saa sita na nusu haikuwa kampuni kumpenda au kumchukia, ilikuwa ni siku aliyofungua simu.

Lakini siyo wote wanapita mlango huo. Wenye vyumba vya bei kubwa na wale walioshasafiri na kampuni mara nyingi hadi wakapewa daraja la juu, hao wana mstari wao na mara nyingi wanafika saa yoyote wanayotaka. Wanaotembea kwa kiti cha magurudumu nao wanasaidiwa kupita pembeni. Mimi hiyo ya pesa sikuipenda, nasema wazi, lakini angalau imeandikwa na kila mtu anaijua kabla ya kulipa, haiko ile ya mtu kuteremshwa dakika ya mwisho juu amekuja mkubwa.

Siku yenyewe inaenda hivi. Unafika, mavalizi makubwa unawapa wabeba mizigo nje na yanakuwa na lebo yenye namba ya kabini, utayakuta mlangoni kwako jioni, kwa hiyo dawa, pasipoti na nguo za mtoto usiweke mule, beba mkononi. Halafu mashine ya mizigo, halafu mtu anaangalia pasipoti na uso wako, siku hizi kwenye bandari nyingi kamera inafanya hiyo kazi kwa sekunde chache. Kwa sisi wenye pasipoti ya Kongo hapo panaweza kuchukua muda zaidi juu wanaangalia viza, na kama meli inatoka Marekani inaenda visiwa vya nje kisha inarudi, viza ya kuingia mara moja tu haitoshi, ukishatoka umeitumia. Yaya ana kadi ya ukaazi, alibeba yote mawili, kadi na pasipoti. Ukimaliza unaweza kupanda moja kwa moja au unapewa namba ya kundi ukae ungoje namba iitwe. Ndani kabini mara nyingi ziko tayari kwenye saa saba hivi, ndiyo sababu nyingine ya kutokimbilia saa tano kama huna haraka, utatembea na begi mgongoni masaa mawili.

Ukifika kabla ya zamu yako? Inategemea bandari na siku, kuna mahali wanakuacha upite kama hakuna watu na kuna mahali wanakuambia ungoje nje. Ukichelewa zamu yako lakini saa ya mwisho bado, watakupokea, utaenda tu nyuma ya waliopo. Kabla ya 2020 watu wengi hata hawakuzijali, walikuja wanavyotaka. Korona njo ilizipa meno, juu kampuni zilikuwa zinaogopa kurundika watu kwenye ukumbi mmoja, na baadaye zikaona mistari imekuwa mifupi zikaendelea nazo.

Ile saa ya mwisho sasa, ambayo haibembelezwi. Sheria ya Marekani inataka orodha kamili ya kila mtu aliyemo melini, abiria na wafanyakazi, ifike kwa watu wa mipaka angalau dakika 60 kabla ya meli kuondoka. Orodha ikishatumwa imefungwa. Kapitani hawezi kumchukua binamu wa mtu anayekuja anakimbia na mfuko, sababu kila jina lililoko kwenye orodha liwe ndani na kila aliye ndani awe kwenye orodha.

Hapa njo nilikaa kimya muda mrefu. Mwaka fulani nilipanda bato ya usiku kwenda Bukavu, kijana alikuwa pale kwenye ubao na daftari na biki anaandika majina, watu wakasukumana, biki ikaanguka majini, akatupungia mkono tu tuingie. Nililala usiku mzima juu ya magunia nikijua jina langu haliko popote. Tulifika salama. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024 bato iliyotoka Minova ilizama hapa hapa Goma, karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaiona, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, na baada ya pale familia zilienda hospitali na kwenye chumba cha maiti kutafuta watu wao bila orodha ya kuaminika ya nani alikuwa ndani. Namba ya waliokufa ilibadilika badilika. Mtu ambaye jina halikuandikwa, hata kumtafuta unaanzia wapi?

Hata kwa wenzetu mambo haya yalifundishwa na maji. Tarehe 13 Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba pale kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na zaidi ya watu 4,000, wakafa 32. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda jioni ile ile kwenye bandari ya Civitavecchia na walikuwa bado hawajaonyeshwa mahali pa kukusanyikia hatari ikitokea, sheria ya wakati ule iliruhusu zoezi lifanyike ndani ya masaa 24. Tangu tarehe 1 Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka abiria wapya wafanye zoezi lile kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Maana yake kila mtu awe amepanda mapema, awe amehesabiwa, awe amefika kwenye kituo chake na kadi yake imesomwa, na yote hayo hayaingii kwenye mchana mmoja kama watu elfu mbili wamekuja saa tisa na nusu. Zamu ya Yaya ya saa sita na nusu ilikuwa inaanzia huko.

Siku ya safari nilimweleza Mama yote haya polepole, alisikiliza ile ya mavalizi bila hamu, ile ya mashuka ikamfurahisha kidogo. Alichoshika ni orodha. "Kwa hiyo banamwandika," akasema. Nikamwambia wanamwandika, na kila akitoka kwenye meli na kila akirudi mashine inasoma kadi yake, inajua yuko ndani au yuko nje.

Saa saba na dakika kumi za kule, huku kwetu ni usiku tayari, Yaya akatuma sauti. Kelele za watu, muziki kwa mbali, yeye anacheka anasema mama nimeingia, na kabla ya maneno hayo inasikika mashine ya mlangoni ikilia mara moja, tii. Mama akaniambia nirudishe nyuma. Hakutaka ile ya kucheka, alitaka ile tii, nikairudisha mara tatu ameweka simu sikioni.