Eleza Kwanza, Sababu Baadaye: Utangulizi wa Fenomenolojia na Udhanaishi

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na udhanaishi darasani, katika uhakiki wa riwaya za Euphrase Kezilahabi. Mwalimu alisema ni falsafa inayoyaona maisha kuwa hayana maana, Kazimoto wa Kichwamaji akajiua, kengele ikalia. Tangu hapo neno hilo limebaki na harufu ya kukata tamaa, na sisi tunaofundisha falsafa huulizwa na wazazi kama masomo haya hayawapotoshi watoto wao. Swali ni la haki. Ila jibu lake haliwezi kuanzia kwa Kazimoto, kwa sababu udhanaishi wa karne ya 20 ulisimama juu ya mbinu ya kazi iliyoutangulia, na asiyeijua mbinu hiyo hubaki na hitimisho asilojua lilifikiwaje. Mbinu yenyewe ni fenomenolojia.

Mwasisi wake ni Edmund Husserl, aliyezaliwa mwaka 1859 huko Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo. Alikuwa mwanahisabati. Udaktari wake aliupata Vienna mwaka 1883, kisha mihadhara ya Franz Brentano ikamvuta akahamia falsafa. Kilichomsumbua kilikuwa swali la mtu wa hesabu: akili ya binadamu huchoka, husahau, hupandwa na homa, inawezaje basi kuufikia ukweli usiochoka wala kusahau, kama vile mbili na mbili ni nne? Wako wasomi wa siku zake waliosema kwamba kanuni za mantiki ni mazoea ya akili zetu tu. Husserl aliwapinga katika Uchunguzi wa Kimantiki, uliotoka 1900 na 1901, na kutokana na kazi hiyo likazaliwa neno ambalo wafuasi wake walilifanya kaulimbiu: turudi kwenye vitu vyenyewe. Yaani kabla ya kusema jambo limesababishwa na nini, ubongo au malezi au uchumi, eleza kwanza jinsi linavyomjia yule anayelipitia.

Kulitamka hilo ni rahisi. Kulitenda ni kazi. Tuseme ni saa nane ya usiku, umelala, na kuna mlio unapita nje. Ukiulizwa umesikia nini, husemi umesikia mitetemo ya hewa. Unasema bodaboda. Pengine unasema zaidi ya hapo: imepakia watu wawili, inapanda kilima kwa taabu, ekzosi imetoboka. Martin Heidegger, mwanafunzi mashuhuri wa Husserl, aliliandika jambo hili mwaka 1927, akitaja mkokoteni unaokwaruza na pikipiki. Hoja yake ni kwamba hatuanzi na sauti tupu kisha tukaijazia maana. Tunaanza na pikipiki. Kuisikia sauti tupu kunahitaji juhudi ya pekee, na watu wachache wana sababu ya kuifanya.

Tukae hapo hapo kidogo. Katika nyumba ya jirani kuna fundi pikipiki, naye kasikia valvu zilizolegea. Chumba cha pili yumo mama anayemngoja mwanawe tangu jioni, na yeye kasikia kwamba pikipiki haikusimama. Kupita bila kusimama hakumo kwenye mlio. Hakuna chombo cha kupimia sauti kitakachokunasa. Hata hivyo mama hakukubuni, na ndicho kitu kilichojaza chumba chake. Fizikia haijakosea lolote kuhusu usiku ule, ila imefika ya pili. Fahamu ya mtu daima ni fahamu ya kitu fulani, na kitu hicho humjia kikiwa tayari na maana. Hilo Husserl alilipata kwa Brentano, akatumia maisha yake yote kulichimba.

Ili kulichimba alitaka tufanye zoezi aliloliita kuweka kwenye mabano: nadharia zetu zote kuhusu dunia, hata ile imani ya kila siku kwamba dunia iko pale nje, zisimamishwe kwa muda zisitumike kama ushahidi. Halazimishi mtu azikane. Anayesema Husserl alitilia shaka kuwapo kwa dunia amemchanganya na Descartes, Mfaransa wa karne ya 17 aliyeanza falsafa yake kwa kutilia shaka kila kitu.

Matunda ya zoezi hilo yanaonekana vizuri katika mihadhara yake ya mwaka 1905 kuhusu wakati. Sikiliza taarabu. Katika kila nukta kuna sauti moja tu inayolia sasa, na sauti moja si wimbo. Tunausikia wimbo kwa sababu ile iliyokwisha pita bado imeshikiliwa, haijawa kumbukumbu ya kukumbuka, na ile inayokuja imekwisha tarajiwa. Ndiyo maana mpiga fidla akiteleza, msikilizaji asiyejua noti hata moja hushtuka papo hapo. Kumbe "sasa" yetu ina upana. Saa ya ukutani haiuonyeshi upana huo.

Heidegger aliichukua mbinu hii akaipeleka karakana. Fundi seremala anapopiga msumari haitazami nyundo wala haifikirii, anaitumia. Nyundo hujitokeza kuwa kitu cha kutazamwa pale mpini unapolegea. Kwa hiyo, alisema, sisi kwanza ni watu tulio kazini katikati ya vitu na watu wengine, na mtazamaji aliyekaa pembeni anakuja baadaye. Kisha akageukia jambo ambalo mtu hawezi kumwagizia mwenzake amfanyie, yaani kufa kwake mwenyewe, na wahaka unaomshika mtu bila kuwa na kitu maalumu anachokiogopa. Hapo ndipo fenomenolojia ilipoanza kuzaa udhanaishi, yaani falsafa inayoanzia kwa mtu mmoja anayeishi, anayechagua na atakayekufa, ingawa Heidegger alilikataa jina hilo hadi mwisho.

Mtu huyu siwezi kumtambulisha kwa umma bila kusema alichofanya. Mwaka 1933 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, akajiunga na chama cha Hitler. Mwaka huo huo Husserl, mwalimu wake, Mkristo wa Kilutheri aliyezaliwa Myahudi, alisimamishwa kwa amri ya serikali. Kuwako na Wakati, kitabu kilichompa Heidegger jina, kilikuwa kimetolewa kwa heshima ya Husserl. Katika chapa ya 1941 ukurasa wa heshima haupo. Husserl alikuwa amefariki Aprili 1938, akiacha kurasa zipatazo 40,000 za hati mkato. Mtawa wa Kifransisko kutoka Ubelgiji, Herman Leo Van Breda, alikwenda Freiburg mwaka huo, akazungumza na mjane, na kwa msaada wa ubalozi wa Ubelgiji mjini Berlin akazivusha karatasi zile hadi Leuven, zilipo hadi leo. Edith Stein, aliyekuwa msaidizi wa Husserl na mwandishi wa tasnifu nzuri sana kuhusu namna tunavyohisi maumivu ya mwingine, hakupata wa kumvusha. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942.

Ufaransa habari zilifika kwa njia ya baa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Raymond Aron, aliyekuwa akisoma Berlin, alikaa na wanafalsafa wenzake, Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, mjini Paris, akaonyesha glasi iliyokuwa mezani na kuwaambia kwamba fenomenolojia inamwezesha mtu kukifanyia falsafa kinywaji hiki. Beauvoir anasimulia kwamba Sartre alibadilika rangi. Mwaka 1933 naye akaenda Berlin.

Sartre alichofanya ni kukieleza kitendo cha kuchagua kama Husserl alivyoeleza wimbo. Katika mhadhara wake maarufu wa Oktoba 1945, unaojulikana kwa Kiingereza kama Existentialism Is a Humanism, alisimulia habari za mwanafunzi wake mmoja wakati wa vita. Kaka yake ameuawa mwaka 1940, baba na mama hawaelewani, na mama amebaki na kijana huyu tu. Kijana anataka kuvuka kwenda Uingereza kujiunga na wapiganaji. Akienda, mama ataangamia kwa majonzi. Akibaki, kaka hajalipiziwa. Dini inamwambia mpende jirani yako: yupi? Akisema atafuata moyo wake, atajuaje upendo wake kwa mama ni mkubwa kiasi cha kumbakisha, kama si kwa kubaki? Hata kwenda kuomba ushauri ni kuchagua, maana alimchagua mshauri akijua takriban atasema nini. Sartre alimjibu: uko huru, chagua.

Wengi huona jibu hilo ni la kukwepa. Nadhani ni la ukali. Uhuru hapa si ruhusa ya kufanya upendalo. Ni kukosa pa kujifichia. Anayesema "mimi nimeagizwa tu kutoka juu" huku akigonga mhuri kwenye barua anayojua ni ya dhuluma, kwa Sartre anajilaghai: anajifanya kitu, kama mhuri wenyewe, ilhali kila asubuhi anauinua mkono kwa hiari. Watumishi wa umma ninaowafundisha jioni huupinga mfano huu kwa nguvu, na sababu wanazo, kwa kuwa anayekataa kugonga mhuri ana ada za shule za kulipa. Sartre hakukana kwamba gharama ipo. Alikana tu kwamba gharama huondoa uchaguzi.

Wazazi wenye wasiwasi wa kidini wajue pia kwamba Sartre, asiyeamini Mungu, si udhanaishi wote. Søren Kierkegaard wa Copenhagen, aliyefariki mwaka 1855 na ambaye wote hawa wanamhesabu babu yao, alikuwa Mkristo aliyeona kanisa la nchi yake limeirahisisha imani kupita kiasi. Gabriel Marcel alikuwa Mkatoliki. Albert Camus, anayetajwa kila mara katika kundi hili, alisema wazi kwamba yeye si mdhanaishi.

Sehemu inayotuhusu zaidi katika Afrika ilianzia kwenye mwili. Maurice Merleau-Ponty, mmoja wa watu wa kwanza kwenda Leuven kusoma hati za Husserl, alionyesha mwaka 1945 kwamba mtu haumiliki mwili kama amilikivyo baiskeli. Kipofu aliyeizoea fimbo yake haihisi mkononi. Anahisi njia, kwenye ncha. Frantz Fanon, kijana wa Martinique aliyesomea udaktari Lyon, alihudhuria mihadhara yake, akaichukua hoja hiyo na kuigeuza. Katika kitabu chake cha mwaka 1952, kinachoitwa kwa Kiingereza Black Skin, White Masks, anaeleza anavyotaka kuvuta sigara: pakiti iko upande wa pili wa meza, kiberiti kimo kwenye mtoto wa meza kushoto, na mwili unajua njia bila kuambiwa. Mpaka hapo ni Merleau-Ponty. Halafu mtoto wa Kizungu anamwona, anamwambia mama yake kwamba anamwogopa yule Mweusi, na mwili ule ule uliokuwa ukijua njia unageuka kitu cha kutazamwa hata na mwenyewe. Kwenye treni, anaandika, humwachia nafasi si ya mtu mmoja tu bali ya wawili, watatu.

Kwa maoni yangu hakuna aliyeirekebisha fenomenolojia kwa uzito zaidi. Wazungu waliotangulia walieleza "mwili" bila kugundua kwamba wameeleza mwili wa mtu ambaye hakuna anayeuliza anafanya nini hapa. Beauvoir alikuwa amelisema jambo la jamaa hiyo kuhusu wanawake mwaka 1949. Na Fanon hakuitupa mbinu. Aliitumia kwa uaminifu kuliko waliomfundisha.

Kezilahabi naye aliijua vyema sehemu hii ya falsafa. Mwaka 1985, miaka 11 baada ya Kichwamaji, aliandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kuhusu falsafa ya Kiafrika na tafsiri ya fasihi, na Heidegger ni mmoja wa anaojadiliana nao. Ukimrudia Kazimoto na macho haya, swali la kama maisha yana maana linapungua uzito. Kinachobaki ni maelezo makini ya jinsi ilivyo kuwa msomi anayerudi kwao likizo na kukuta kila kitu kiko pale pale isipokuwa mahali pake.

Leo neno fenomenolojia utalikuta zaidi kwenye tasnifu za wauguzi na watu wa afya ya jamii kuliko za wanafalsafa. Ni jambo jema, japo nimesoma kadhaa zilizoandika "muundo wa kifenomenolojia" sura ya tatu, ya mbinu, na kujaza asilimia sura ya nne, ya matokeo. Maabara itakuambia sukari ya mgonjwa ni ngapi. Mtafiti wa aina hii anatafuta kingine: mgonjwa yuko arusini, sinia la pilau limewekwa mbele ya watu watano, mikono minne imeingia, na wote wanamtazama yeye. Hilo halipatikani kwa kuuliza "je, ugonjwa unakuathiri?" Linapatikana kwa kumwomba akueleze siku moja, kisha kunyamaza. Watu wachache wanatosha, wakisikilizwa kwa kirefu.

Anayetaka kusoma asianze na Husserl, atakwama kurasa za mwanzo. Mhadhara wa Sartre wa 1945 ni mfupi na uliwalenga watu wa kawaida, ingawa mwenyewe baadaye hakuuridhia sana. Baada yake asome sura ya tano ya kile kitabu cha Fanon. Kwa Heidegger aende akiwa na mwalimu, au na rafiki mwenye subira.