Kitabu cha mihuri kije baadaye

Anayeniletea bakuli la Kichina mara nyingi huwa ameshaligeuza. Kaona herufi sita za buluu kwenye kitako, kafungua kitabu cha mihuri, yaani alama za enzi zinazoandikwa chini ya vyombo, kapata zinazofanana nazo. "Mzee, kitabu kinasema Qianlong," yaani enzi ya mfalme wa China wa karne ya 18. Hapana. Kitabu kinasema herufi hizo zinasomeka Qianlong. Ni nani aliyeziandika, na lini, hilo hakikuulizwa.

Kuzisoma si kazi kubwa: safu ya kulia kwanza, juu kwenda chini, mbili za nasaba, mbili za jina la enzi, mbili za kusema chombo kilitengenezwa miaka hiyo. Taabu ni kwamba Wachina wenyewe walinakili mihuri ya waliowatangulia, na mara nyingi kwa heshima tu, bila nia ya kumwibia mtu. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, wa enzi ya Kangxi (1662–1722) waliandika Chenghua, enzi iliyokwisha 1487. Tena mwaka 1677 hakimu wa huko alipiga marufuku jina la Kangxi lisiandikwe kwenye vyombo, maana chombo huvunjika, na jina la mfalme halifai kuishia jalalani. Mafundi wakaacha duara tupu, wakachora jani, au wakaandika enzi za Ming, nasaba iliyotangulia. Fuata muhuri peke yake, utakosea kwa karibu miaka mia mbili.

Ndiyo maana nasema pesa ya kwanza ya mkusanyaji inunue vitabu vya vyombo ambavyo umri wao una ushahidi mwingine. Mfano wake mkuu ni majagi mawili marefu ya Percival David, mkusanyaji Mwingereza wa kauri za China, ambayo leo yako British Museum. Shingoni yana maandishi ya nadhiri kwa hekalu, ya mwaka 1351. Mwaka 1952 John Pope, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Freer Gallery, Washington, alichapisha kitabu chembamba kuhusu kauri za buluu na nyeupe zilizoko Topkapi, kasri la zamani la masultani huko Istanbul. Alizilinganisha na majagi hayo, mchoro kwa mchoro, na kundi zima la karne ya 14 likajitenga. Hakutegemea mihuri. Ukisoma kurasa chache tu, jicho lako linaanza kuuliza maswali yake.

Ripoti za uchimbaji nazo wakusanyaji huzipita kwa sababu zimejaa vigae, vipande vya vyombo vilivyovunjika. Mimi nazipenda kwa hilo hilo: kigae kinaonyesha udongo ulivyo ndani, jambo ambalo picha za mnada haziwezi. Ripoti ya mwanaakiolojia Neville Chittick kuhusu Kilwa, ya 1974, ina juzuu mbili, na ya pili ni ya vitu vilivyopatikana, kauri za China zikiwemo. (Vigae vya magofuni viache palepale. Ni mali ya umma.)

Ila hakuna kitabu kisicho na macho ya zama zake. Mwaka 1388 Mchina mmoja, Cao Zhao, aliwaandikia wapenda vitu vya kale mwongozo, na humo kauri za buluu na nyeupe kazidharau: za kishamba mno. Aliyeutafsiri kwa Kiingereza ni Percival David huyo huyo, mwenye majagi.

Yule wa Qianlong nilimpa lenzi. Herufi zake zilikuwa nukta nukta, kama picha ya gazeti: zimechapwa, hazikuandikwa kwa brashi. Siku hizi bakuli analiwekea maembe.