Je, wajua? Kwa nini kilo zilizopunguzwa kwa taabu hurudi

Watu wengi wanaopunguza uzito kwa kujinyima chakula huurejesha wote, au sehemu yake kubwa, katika miaka michache inayofuata. Jambo hili limepimwa mara nyingi, kwa wanawake na kwa wanaume, katika nchi tofauti, na matokeo hayapishani sana. Swali ni kwa nini.

Hapa Mombasa jibu liko tayari midomoni: amejiachia. Ukienda harusini utalisikia hata hujakaa mkekani. "We, mbona umenenepa hivi?" Aliyekonda naye hasalimiki, ataulizwa kama anaumwa. Anayebanwa zaidi ni bibi harusi. Gauni limeshonwa dogo kuliko mwili wake kwa makusudi, ili limlazimishe apungue. Mahamri na mbaazi za asubuhi zimefutwa, wali wa nazi umefutwa, chakula cha usiku kimekuwa tango na maji ya ndimu. Siku ya siku anapendeza, picha zinapigwa, watu wanasema mashallah. Mwaka haujaisha gauni lile halipandi zipu, na wale wale waliomsifu sasa wanasema ameshindwa kujizuia.

Maelezo hayo yana kasoro kubwa. Yanauchukulia mwili kuwa kitu kisicho na neno: ukikitia kidogo kinapungua, ukikitia kingi kinajaa, na mwenye amri ni nia peke yake. Lingekuwa hivyo, mtu aliyeweza kujizuia miezi mitatu katika mji wenye viazi karai kila pembe angeweza kuendelea miezi mitatu mingine. Nidhamu anayo, ameionyesha hadharani. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini nidhamu ile ile, ya mtu yule yule, inatosha mwezi wa kwanza na haitoshi mwezi wa tisa.

Upotofu huu unapata nguvu kutokana na wiki ya kwanza. Ini na misuli ya mtu mzima huweka akiba ndogo ya sukari, kama gramu 500 hivi, na kila gramu hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukikata chakula ghafla, akiba hiyo ndiyo inayotangulia kutumika, na maji yake hutoka kwa mkojo. Kilo moja na nusu au mbili zinaweza kuondoka huku mafuta yakiwa yamepungua kidogo sana. Mwangalie mtu anayepanda mizani ya barabarani, zile za kulipia shilingi chache: anavua viatu, anaweka mkoba chini, anatoa simu mfukoni, anashusha pumzi. Namba imeshuka, anaondoka na furaha ya kweli. Lakini alichopoteza zaidi ni maji, na siku atakayokula mkate na wali kama kawaida yatarudi yote.

Chai za "kukata tumbo" zinaishi humo humo. Nyingi zina sanamaki, ambayo bibi zetu waliijua vizuri kama dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, ilhali nguvu ya chakula imekwisha kunyonywa karibu yote kwenye utumbo mwembamba. Anayekunywa chai hiyo anatoa maji na choo. Kalori zimebaki ndani.

Basi ni nini kinachotokea baada ya wiki hizo za mwanzo? Ushahidi wa zamani na wa kushangaza kuliko wote ulikusanywa Marekani kati ya 1944 na 1945, kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa na njaa ya vita. Vijana wa kiume 36, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao, walijitolea kulishwa kidogo kwa wiki 24. Walipewa kama kalori 1,570 kwa siku, huku wakitakiwa kutembea karibu kilomita 35 kila wiki. Itazame vizuri namba hiyo ya kalori. Iko juu ya kile kinachoamriwa na mipango mingi ya kupunguza uzito inayozungushwa leo kwenye simu.

Walishuka kutoka wastani wa kilo 69 hadi kama kilo 52. Lakini mambo yaliyoandikwa pembeni ya mizani ndiyo yanayofaa kusomwa mara mbili. Vijana hao, wenye afya na nia madhubuti, walianza kuona baridi hata wakati wa joto. Mapigo ya moyo yalipungua. Walikuwa wakisoma vitabu vya mapishi kwa saa nzima, wakiota chakula, wakilamba sahani, wakichoshwa na ngazi chache. Miili yao ilikuwa ikitumia nguvu kidogo kuliko zamani kwa kila kitu. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula maelfu ya kalori kwa siku na bado hawakushiba. Mafuta yalirudi kwanza, mengine yakipita kiwango cha awali, huku misuli ikichelewa. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu zile unaonyesha kwamba ulaji ule ulitulia pale misuli nayo ilipokuwa imerejea. Hakuna mtu ambaye angeweza kuwaita vijana wale wavivu.

Kilichokosekana wakati huo ni kujua nani anayepeleka habari. Jibu lilipatikana mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman mjini New York ilipogundua leptini, homoni, yaani kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe kwa njia ya damu. Leptini hutengenezwa na mafuta yenyewe na kuingia kwenye damu. Mafuta yakiwa mengi, nayo huwa nyingi. Yakipungua, nayo hushuka. Ubongo husoma kiwango hicho kwenye sehemu yake ndogo ya chini iitwayo haipothalamasi. Mafuta tuliyofundishwa kuyaona kama mzigo usio na kazi ni kiungo chenye sauti, na kinazungumza na ubongo mchana na usiku.

Mkaazi wa Mombasa ataelewa kazi hii upesi akifikiria tangi la maji juu ya paa. Bomba likiwa halijatoa siku ya tatu, mama mwenye nyumba hangoji tangi likauke. Anagonga ubavuni kwa kiganja, anasikia sauti ya utupu imeshuka mpaka katikati, na hapo hapo amri za nyumba zinabadilika. Nguo zitasubiri. Sakafu itapigwa deki kwa maji ya chumvi ya kisimani. Kuoga ni kopo mbili, na maji ya kuoshea vyombo yanakwenda chooni. Nyumba haijafa, inaendelea kwa matumizi madogo. Wakati huo huo mtoto anatumwa kila mara akafungue bomba aone kama limetoa, na mwenye mkokoteni wa mitungi anaitwa akiwa bado mtaa wa pili. Bomba likirudi saa nane za usiku, watu wanaamka. Hawajazi tangi peke yake. Wanajaza pipa, ndoo, sufuria, na beseni la kufulia, kwa sababu nani ajuaye litafungwa tena lini.

Kugonga tangi ni leptini iliyoshuka. Amri mpya za nyumba ni mwili kupunguza matumizi: baridi, uchovu, mwendo wa pole, mapigo machache ya moyo. Mtoto anayetumwa bombani ni njaa. Beseni lililojazwa ni zile kilo mbili au tatu za ziada ambazo mtu hakuwa nazo kabla ya kuanza kujinyima. Na tazama kwamba mama hakuuliza bomba limefungwa kwa nini. Awe fundi anatengeneza au mto umekauka, hatua anazochukua ni zile zile. Mwili nao hauna njia ya kujua kama chakula kimepungua kwa sababu ya ukame au kwa sababu ya gauni la harusi.

Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 ulifuata watu 50 wenye uzito mkubwa waliokula chakula kidogo sana kwa wiki 10. Mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi mahali pake. Leptini ilikuwa chini, grelini inayoamsha njaa ilikuwa juu, na wenyewe walisema wana njaa kuliko kabla hawajaanza. Huo ndio mwezi wa tisa wa bibi harusi wetu.

Ni sehemu ipi yenye nguvu zaidi, matumizi kupungua au njaa kupanda? Hapa inafaa kwenda taratibu. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake walichapisha habari za washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Miaka sita baada ya shindano, wakiwa wamepumzika, miili yao ilitumia karibu kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotarajiwa. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima, lakini ni watu 14 tu, waliopungua kwa namna isiyo ya kawaida kabisa, na tafiti nyingine zimepata upungufu mdogo zaidi. Makadirio mengine ya Hall yanaelekeza kidole kwa njaa: kwa kila kilo inayopotea, matumizi hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa kama kalori 100. Mimi naona haya ndiyo yanayofanana na maisha tunayoyaona. Aliyepungua kilo kumi anasukumwa na kalori 1,000 za njaa kila siku, anapoamka na anapopita kwenye harufu ya mishikaki jioni, na sisi tunamwambia ajikaze.

Dawa mpya za sindano zinathibitisha jambo lile lile kwa upande wa pili. Semaglutaidi hupunguza njaa kwa kuigiza homoni ya shibe, na watu hupungua sana. Katika jaribio moja kubwa, waliosimamisha dawa walirejesha theluthi mbili ya uzito uliopungua ndani ya mwaka mmoja. Nia yao haikubadilika siku ya kuacha sindano. Kilichobadilika ni ujumbe unaofika kwenye ubongo.

Haya hayana maana kwamba uzito ni upuuzi. Mafuta mengi, hasa yale ya ndani ya tumbo, yanapandisha presha na sukari, na maradhi hayo mawili tunayajua nyumba kwa nyumba. Ila afya haidai mwili wa kwenye picha. Mwaka 2002 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu na kisukari. Waliofundishwa kula vizuri na kutembea dakika 150 kwa wiki walilenga kupungua asilimia 7 tu. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kama kilo 6. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Baadaye wengi walirejesha sehemu ya uzito, lakini hata baada ya miaka 15 hatari ilikuwa bado chini kwa asilimia 27. Mizani ingewaandika wameshindwa.

Sababu mojawapo ni kwamba msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada wa insulini. Anayetembea jioni ufukweni pale Mama Ngina akitazama meli zinaingia bandari ya Kilindini anashusha sukari yake siku hiyo hiyo, na presha yake hufaidika wiki hata wiki, namba ya kilo ikiwa haijasogea. Kwa hiyo atakayepima miguu na moyo wake kwa mizani atakata tamaa akiwa katikati ya kupona.

Kuna kipimo cha nyumbani kinachofaa zaidi, na tangu 2022 kimo kwenye miongozo ya tiba ya Uingereza. Chukua uzi ulio sawa na urefu wako, ukunje katikati, kisha uuzungushe kiunoni, kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi bila kuvuta tumbo. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu. Zisipokutana, nenda ukapime presha na sukari, uanze na kutembea, na gauni mpelekee fundi alipanue. Mjamzito hatumii kipimo hiki, na anayepungua bila kukusudia asifurahie namba, amwone daktari.