Nani Humchagulia Bondia Mpinzani? Dhana Potofu na Ukweli

Kaa na mashabiki wa ngumi usiku wa pambano na kabla raundi ya pili haijaisha utamsikia mmoja akisema, "Hii imepangwa." Mwenzake atadakia kwamba yule bondia anabebwa, kila siku anapewa vibonde. Wa tatu ataapa kwamba bingwa wa kweli hachagui mpinzani. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, ila amekishika kinyumenyume.

Kupanga mapambano ni kazi kamili, na wanaoiweza ni wachache. Katika kila kampuni kubwa ya promota kuna mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye bango, na kazi yake ni kuamua nani apigane na nani, lini na raundi ngapi. Teddy Brenner aliifanya kwa miaka mingi Madison Square Garden, New York. Bruce Trampler aliifanya katika Top Rank, kampuni ya promota Bob Arum, na mwaka 2010 akaingizwa kwenye jumba la heshima la ngumi huko Canastota, jimbo la New York, wanakoingizwa pia mabingwa wenyewe.

"Pambano la kibonde ni pambano lililouzwa"

Mapambano ya kuuzwa yamekuwepo, wala hilo si siri. Jake LaMotta alikiri mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka 1960 kwamba alijiachia apigwe na Billy Fox mwaka 1947. Lakini fikiria kibiashara: promota wa leo amhonge mtu ili ashindwe kwa sababu gani, wakati anaweza kumleta mtu atakayeshindwa bila kuhongwa?

Mpinzani anapigiwa simu siku 10 kabla ya pambano. Ana umbo dogo. Anajua kupigana raundi 4, na hili ni la raundi 8. Anapenda kusonga mbele huku kidevu kiko wazi, na kijana wa nyumbani ana ngumi kali ya kukabiliana na mtu wa namna hiyo hasa. Atapigana kwa nguvu zake zote na atapoteza. Hakuna aliyedanganya wala aliyekula rushwa. Matokeo yalipikwa mapema, halali kabisa, mezani kwa mpangaji wa mapambano.

Huwa nasema tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyoidhani, kwa sababu mpinzani aliyechaguliwa bado ana mikono miwili. Septemba 2018, pale Birmingham, Sam Eggington wa Uingereza alitarajiwa kumshinda Hassan Mwakinyo kutoka Tanzania. Mwakinyo alimmaliza raundi ya pili. Kama lilikuwa limeuzwa, basi aliyelinunua alipunjwa vibaya.

"Rekodi safi ndiyo kipimo cha ubora"

Hii ndiyo dhana iliyowalisha mapromota kuliko zote. Sifuri upande wa kupoteza inauzika kirahisi mno: hata asiyejua ngumi anaelewa maana ya 25-0 kabla hajaona konde moja. Floyd Mayweather alipoipita 49-0 ya Rocky Marciano mwaka 2017, pambano lake la 50 lilikuwa dhidi ya Conor McGregor, mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka) ambaye hakuwahi kupigana ngumi za kulipwa hata mara moja. Likahesabiwa kama mengine.

Rekodi inakuambia umewapiga wangapi. Umewapiga akina nani, hiyo ni habari nyingine.

Hata hivyo vibonde wana kazi yao, na anayewadharau hajaelewa jinsi bondia anavyokuzwa. Wapinzani wa kwanza ni wa kumzoesha kijana taa, kelele na ukumbi. Halafu analetwa mrefu, ili ajifunze kuingia ndani. Halafu anayetumia mkono wa kushoto. Kisha analetwa mmoja mgumu asiyeanguka, kusudi kijana aonje raundi ya saba mwili umechoka na mtu bado yuko mbele yake. Baadaye linakuja jina kubwa lililozeeka, ambalo watu wanalikumbuka kuliko miguu yake inavyokumbuka kukimbia. Kila mpinzani ni swali, na mpangaji hodari haulizi swali la darasa la saba kwa mtoto wa darasa la pili.

Mike Tyson alipigana mara 15 mwaka 1985 pekee, karibu wote wakiwa watu wasiojulikana, na hakuna aliyefika mwisho. Mameneja wake walisambaza kanda za video za KO hizo kwa waandishi wa habari. Novemba 1986, akiwa na miaka 20, alimtwanga Trevor Berbick na kuwa bingwa wa dunia wa shirika la WBC. Anthony Joshua alianza Oktoba 2013, akapata mkanda wa shirika la IBF Aprili 2016 katika pambano lake la 16, alipompiga Charles Martin. Wote wawili walipandishwa ngazi kwa hesabu.

Sasa mtazame Vasyl Lomachenko. Medali mbili za dhahabu za Olimpiki, 2008 na 2012, na hakutaka kusubiri. Top Rank wakampa nafasi ya kuwania ubingwa wa dunia katika pambano lake la pili tu la kulipwa, Machi 2014, dhidi ya Orlando Salido wa Mexico. Salido alianza kulipwa akiwa na miaka 15 na akapigwa pambano la kwanza. Kufikia usiku ule alikuwa amepoteza mara 12. Ukisoma karatasi, ni mtu wa kufanyia sherehe.

Salido alizidisha uzito, akavuliwa mkanda wa shirika la WBO kwenye mizani, akapanda ulingoni na kilo zake. Akamwegemea kijana, akamgonga chini ya mkanda, akamfundisha kila kitu ambacho Olimpiki haifundishi, akashinda kwa pointi majaji wakiwa wamegawanyika. Vipigo 12 vilikuwa shule. Miezi mitatu baadaye Lomachenko alimshinda Gary Russell Jr., aliyekuwa hajawahi kupoteza, akauchukua mkanda huohuo.

"Promota ndiye baba wa bondia"

Bondia akipata matatizo, mashabiki huuliza promota wake yuko wapi. Ni swali zuri lakini limepelekwa nyumba ya jirani. Anayetakiwa kumtetea bondia ni meneja, ambaye hulipwa asilimia ya mapato ya bondia, kwa hiyo anafaidi bondia anapolipwa zaidi. Promota hununua pambano na kuliuza. Anachompa bondia ni gharama kwake. Meza ni moja, pande mbili.

Ndiyo maana Marekani ilipitisha sheria inayobeba jina la Muhammad Ali mwaka 2000. Inamkataza promota kuwa na maslahi ya kifedha katika umeneja wa bondia, na inamlazimu amweleze bondia ni kiasi gani kinakusanywa kutokana na pambano lake. Lakini ukuta huo kati ya promota na meneja unawahusu wanaopigana raundi 10 au zaidi. Chipukizi wa raundi 4, anayehitaji ulinzi kuliko wote, yuko nje ya ukuta. Uingereza, kwa upande wake, mtu mmoja anaweza kuwa na leseni zote mbili.

"Hawapigani kwa sababu wanaogopana"

Ningekuwa napewa senti kila ninaposikia hili! Mtu anayepanda ulingoni kupigwa kichwani kwa riziki, woga si ugonjwa wake mkubwa. Mara nyingi kinachokwamisha ni mikataba. Bondia mmoja ana promota aliyefungwa na televisheni hii, mwenzake ana promota aliyefungwa na televisheni ile. Kisha kuna mgawanyo wa fedha, nani jina lake litangulie, nani aingie ulingoni wa mwisho, na kifungu cha marudiano.

Mayweather na Manny Pacquiao walianza kutajwa pamoja kwa dhati mwaka 2009. Walikutana tarehe 2 Mei 2015, mmoja akiwa na miaka 38, mwingine 36. Pambano lilikuwa la kupooza, lakini watu kama milioni 4.6 walilipia kulitazama kwenye televisheni Marekani, rekodi isiyovunjwa hadi leo. Kibiashara, kuchelewa hakukuwaumiza hata kidogo. Terence Crawford na Errol Spence nao walisubiriwa miaka mingi hadi Julai 2023, na Crawford akamaliza kazi raundi ya tisa kana kwamba hakukuwa na ubishi wowote.

Hapa ndipo promota huwa na kosa la kweli, nalo ni tamaa. Anaona mabondia wake wawili wanapanda, anasema tuwaache kwanza, pambano likolee kama nyama iliyolazwa kwenye viungo. Bob Arum alikuwa na Juan Manuel López na Yuriorkis Gamboa, wote wa uzito wa unyoya, wote hawajapoteza, wote wa kwake. Likaachwa likolee. Aprili 2011 López akapewa pambano la kupitisha muda nyumbani kwake Puerto Rico, dhidi ya nani? Orlando Salido yuleyule. Salido akamsimamisha raundi ya nane, na mwaka uliofuata akamsimamisha tena. López na Gamboa hawakupigana kamwe, na fedha zile hazikuingia mfuko wa mtu yeyote.

Kuna na jambo la usuluhishi wa kisheria. Mwaka 2021 Tyson Fury na Joshua walikuwa karibu kabisa kukutana, mpaka msuluhishi alipoamua kwamba Fury lazima kwanza ampe Deontay Wilder pambano la tatu kwa mujibu wa mkataba. Woga haukuhusika.

"Viwango vya mashirika ndivyo vinavyoamua"

Vinaamua kiasi. Mashirika makubwa ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO, kila moja na orodha yake. Anayefika kileleni huwa mpinzani wa lazima, na bingwa akikataa anaweza kuvuliwa mkanda. Pande mbili zisipoelewana, mapromota huweka bahasha zilizofungwa na mwenye dau kubwa huchukua haki ya kuandaa. Januari 2022 promota Frank Warren alishinda haki ya kuandaa pambano la Fury na Dillian Whyte kwa dola 41,025,000.

Kwa hiyo kupanda orodha ni mali, na penye mali pana ujanja. Mwaka 1977 mashindano ya promota Don King yaliyoonyeshwa na televisheni ya ABC yalisimamishwa baada ya kugundulika kwamba rekodi za baadhi ya mabondia zilikuwa zimeongezwa ushindi usiokuwepo. Na kuna kisa ambacho nisingekiamini kama kisingekuwa kimethibitishwa: bondia Darrin Morris alifariki Oktoba 2000, na miezi iliyofuata WBO ikaendelea kumpandisha kwenye orodha yake, akafika nafasi ya 5, hadi watu walipogundua mwaka 2001. Marehemu alikuwa anawapita walio hai.

"Akipigwa tu, biashara imekwisha"

Inategemea alipigwa na nani, vipi, na alikuwa na umri gani. Canelo Álvarez wa Mexico alipoteza kwa Mayweather Septemba 2013 akiwa na miaka 23. Hakuporomoka, hakudondoshwa, alizidiwa akili na mtu aliyekuwa bora duniani. Soko lake likakua, na wikendi za sikukuu za Mexico za Mei na Septemba zikawa kama zake.

Joshua alipigwa na Andy Ruiz Juni 2019, mpinzani wa dharura aliyeitwa baada ya mpinzani wa awali, Jarrell Miller, kufeli vipimo vya dawa zilizokatazwa. Hapo ndipo kifungu cha marudiano kilipoonyesha thamani yake: Desemba ileile walikuwa Saudi Arabia, kwa fedha nyingi zaidi, na Joshua akarudisha mikanda. Kipigo kimoja kilizaa pambano kubwa kuliko lile lililokusudiwa.

"Wanaopigwa kila wiki hawajui ngumi"

Hawa ndio watu ninaowaheshimu kuliko wengi wenye mikanda. Katika kumbi ndogo za Uingereza, bondia wa nyumbani huuza tiketi kwa ndugu na marafiki, na kutoka kwenye tiketi hizo hulipwa yeye na mpinzani wake. Mpinzani hauzi tiketi. Anajua kwamba pambano likiwa karibu sana, hatapewa ushindi. Anajua pia kwamba akimalizwa kabla ya raundi zote kuisha atasimamishwa kwa wiki kadhaa kwa usalama wake, na wiki zile hakuna ujira. Basi kazi yake ni kumfundisha kijana bila kumuumiza na bila yeye kuumia, kisha kuoga na kuondoka, awe tayari Ijumaa ijayo.

Peter Buckley wa Birmingham aliifanya kazi hiyo kwa karibu miaka 20. Alikutana na Naseem Hamed mara mbili kabla Hamed hajawa bingwa wa dunia. Alipoteza mapambano 256. Mwaka 2008 alipanda ulingoni kwa mara ya 300, akashinda kwa pointi, akastaafu.