Kusajili jina la biashara si kulinda uvumbuzi

Pale mwaloni Kirumba, Mwanza, fundi akibuni kaushio jipya la dagaa huambiwa: "Wahi BRELA ukasajili jina, hakuna atakayekuiga." Ushauri huo umezoeleka, na umewapotosha wengi. Kweli BRELA, wakala wa serikali ya Tanzania wa usajili wa biashara na leseni, ndiyo inayosajili majina ya biashara na uvumbuzi pia, lakini usajili wa jina la biashara hauigusi mashine. Mashine hulindwa kwa hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, na hiyo huombwa kwa ombi jingine kabisa, lenye maelezo ya uvumbuzi, michoro, muhtasari na madai, yaani sentensi zinazotaja hasa unachotaka kilindwe.

Hayo madai ndiyo mpaka wa shamba lako, na hapo ndipo watu huumia. Ukiandika "feni inayoendeshwa kwa sola", mwenzako atafunga feni ya kuzungusha kwa mkono kwenye trei zilezile za wavu, nawe huna la kumfanya. Kama upya uko kwenye namna trei zinavyopangwa ili hewa ipite juu na chini ya dagaa, dai hilo kwanza. Feni iweke kwenye dai la ziada, linalofuata lile la kwanza.

Tena, usiioneshe hadharani kabla ya kuwasilisha ombi. Hataza hutolewa kwa kitu kipya tu, na video moja tu mtandaoni inaweza kuua upya wake, hata kama umeirusha wewe mwenyewe.

Na hataza ya Tanzania haivuki ziwa. Kisumu au Jinja wanaweza kuunda mashine hiyohiyo kihalali. Una miezi 12 tangu ombi la kwanza kuomba hataza nchi nyingine ukidai ihesabiwe tarehe ileile ya ombi la kwanza. Au pitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, ambako ombi moja huweza kutaja Tanzania, Kenya na Uganda pamoja.