Theolojia ya Biblia ni nini, na inaingiaje katika maisha ya kila siku?

Fungua Walawi 19. Mstari wa 18 unaagiza umpende jirani yako kama nafsi yako. Mstari wa 19, ulio chini yake tu, unakataza kuvaa nguo iliyochanganywa nyuzi za namna mbili. Wakristo wengi wanaushika wa kwanza kwa moyo wote, na wa pili wanaupita wakiwa na shati la pamba na poliesta mwilini. Hawakosei. Lakini ukiwauliza kwa nini, wengi hubabaika, na kijana anayeuliza kwa dhati huondoka bila jibu. Hapo ndipo theolojia ya Biblia inapohitajika.

Jina lenyewe hupotosha kidogo, maana mtu hudhani ni theolojia yoyote inayokubaliana na Biblia. Kwa wanaoifundisha, ni namna maalumu ya kusoma: kuifuata Biblia kama habari moja inayosonga mbele, tangu uumbaji na anguko, Ibrahimu, kutoka Misri, ufalme wa Daudi na uhamisho, hadi Kristo na mbingu mpya na nchi mpya, huku ukiuliza kila andiko limesimama wapi katika mwendo huo. Iko pia theolojia inayopanga mafundisho kwa mada: Mungu, dhambi, wokovu, kanisa. Zote mbili zinahitajiana. Mwanatheolojia Johann Philipp Gabler ndiye aliyezitofautisha waziwazi katika hotuba yake ya mwaka 1787 kwenye Chuo Kikuu cha Altdorf, Ujerumani. Zaidi ya miaka 100 baadaye mwanatheolojia Geerhardus Vos aliifundisha theolojia ya Biblia kwenye seminari ya Princeton, Marekani, akieleza kwamba ufunuo ulikua kama mbegu inavyokuwa mti. Ila zoezi lenyewe ni la kale kuliko hao: njiani kwenda Emau, Yesu alianzia kwa Musa na manabii wote, akawaeleza wanafunzi wawili mambo yaliyomhusu yeye (Luka 24:27).

Sasa turudi kwenye nguo. Israeli walitengwa na mataifa, na kutengwa huko kulionekana hata mezani na mavazini. Walawi 20:24-26 inaunganisha kabisa vyakula vilivyokatazwa na kutengwa kwa taifa. Kristo alipokuja, ukuta kati ya Myahudi na asiye Myahudi ulibomolewa (Waefeso 2:14), na alama zilizosimama juu ya ukuta huo zikamaliza kazi yake. Agizo la kumpenda jirani, kinyume chake, Yesu analitaja kuwa amri kuu ya pili, kisha Paulo na Yakobo wanalirudia. Kwa hiyo hatuchagui tunachopenda na kuacha kinachotuchosha. Tunafuata kila amri tuone Kristo ameifikisha wapi.

Mfano unaonigusa zaidi ni Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Mtu amepoteza kazi, anatumiwa mstari huu, naye anaelewa kwamba kazi nyingine iko karibu. Miezi inapita kimya. Anaanza kujiuliza kama Mungu amemsahau, na hilo ni jeraha baya kuliko la kwanza.

Soma barua yote. Yeremia anawaandikia watu waliokwisha kupelekwa mateka Babeli. Katika sura ya 28 Hanania, nabii wa uongo, ametabiri kwamba mambo yatarudi sawa ndani ya miaka miwili. Yeremia anasema 70. Jengeni nyumba, anawaambia, pandeni bustani, oeni, mzae watoto, uombeeni amani mji wa waliowateka. Wengi waliosikia barua ikisomwa wangezikwa hukohuko. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini walipewa kama taifa, na Mungu alikuwa akiilinda njia ambayo mwishowe ingemleta Masihi.

Je, mstari huo si wetu basi? Ni wetu, kwa kupitia Kristo. Petro anawaita waamini wageni na wasafiri, na mwishoni mwa waraka wake wa kwanza anataja Babeli, kana kwamba nao wako uhamishoni. Basi anayetafuta kazi anaweza kuambiwa jambo lililo imara zaidi ya tarehe: Mungu hajaacha mpango wake, wewe umo ndani yake, na hata kungoja kuna bustani ya kupanda. Mimi naona hiyo ndiyo faraja ya kumpelekea mtu, hata kama ni nzito kuitamka.

Kazi yenyewe husomeka hivyohivyo. Mwanzo 2:15 inamweka Adamu bustanini ailime na kuitunza kabla dhambi haijaingia. Jasho na miiba vinakuja katika sura ya 3. Anayerudi nyumbani amechoka, kazi yake haijaonekana na mtu, yuko kati ya sura hizo na mwisho wa habari. Paulo anamwandikia mtu wa namna hiyo katika 1 Wakorintho 15. Anatumia mistari 57 kueleza ufufuo, na wa 58 anautua kwenye mikono ya wasomaji wake: taabu yenu siyo bure katika Bwana.