Kura ya Maine: Kupanga Wagombea Si Kumrudia Mmoja

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, wapiga kura wa Portland na Lewiston, miji ya jimbo la Maine nchini Marekani, wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda, hutuletea lalamiko lilelile: "Mtu wangu nilimpa nafasi zote, mbona imehesabiwa kura moja?" Imehesabiwa moja kwa sababu unayo moja. Hilo halijabadilika.

Kilichobadilika ni namna ya kuihesabu. Mwaka 2010 Paul LePage aliupata ugavana wa Maine kwa chini ya asilimia 38, wapinzani wake wakiwa wamegawana zilizobaki. Mwaka 2016 wananchi walipitisha kwa kura ya maoni utaratibu wa kupanga wagombea kwa kufuata unayempendelea zaidi (ranked-choice voting), na Juni 2018 Maine ikawa jimbo la kwanza Marekani kuutumia katika kura za mchujo za jimbo zima.

Ni kama kumtuma mtoto dukani: lete unga wa mahindi, ukikosekana lete wa muhogo. Kwenye safu ya kwanza unajaza kijiduara cha unayemtaka zaidi, safu ya pili anayefuata. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu ya kura, walio mkiani huondolewa na kura zao huhamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Ukimjaza mgombea mmoja safu zote, hujamwongezea chochote. Akiondolewa, kura yako imeishia hapo. Ukijaza wawili kwenye safu moja, kura inakufa ikifika safu hiyo. Ukiruka safu moja, inasomwa inayofuata, lakini ukiruka mbili mfululizo inaishia hapo. Unamtaka mmoja tu? Jaza mmoja, halali kabisa. Ukikosea usifute wala usikwaruze. Irudishe karatasi kwa msimamizi, akupe nyingine.

Tuelewane pia kuhusu mahali utaratibu huu unapotumika. Kura za mchujo za Juni, ambazo vyama huteulia wagombea wao, za ugavana na bunge la jimbo zikiwemo, hupangwa. Novemba hupangwa za rais, seneti na baraza la wawakilishi la Marekani peke yake. Ya gavana ya Novemba haipangwi, kwani mwaka 2017 majaji wa mahakama kuu ya Maine walitoa maoni kwamba katiba ya jimbo inampa ushindi mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu. Kwa hiyo Novemba 2026, siku ileile, seneta unapanga na gavana unachagua mmoja. Portland humpata meya kwa kupanga tangu 2011; Lewiston hudai zaidi ya nusu, la sivyo hurudia uchaguzi. Shemeji yako wa Portland asikufundishe kura ya Lewiston. Soma maelekezo yaliyo juu ya karatasi.

Anayeshindwa kusoma Kiingereza anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuingia na msaidizi amtakaye, hata mwanawe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi.

Sasa suala la uraia, na hapa hatutanii. Grini kadi, hadhi ya ukimbizi, kusubiri hifadhi, kulipa kodi miaka kumi: hakuna hata kimoja kinachokupa kura. Wanaodai kwamba Portland inaruhusu kura ya jiji kwa wasio raia hawana msingi; pendekezo hilo lilikataliwa na wapiga kura mwaka 2010. Asiye raia akipiga kura ya shirikisho anaweza kufungwa hadi mwaka 1 na kutozwa faini. Akidai kwa uongo kuwa ni raia ili aandikishwe, ni hadi miaka 5. Juu ya hayo, anaweza kufukuzwa nchini, na fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukiwa ofisi ya leseni za udereva ukaulizwa kuhusu uraia, jibu ukweli, na usisaini usichokielewa. Ikiwa umeshaandikishwa kimakosa, usipige kura, na umwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu nyingine yoyote.

Raia ambaye hajajiandikisha hajachelewa: anaweza kujiandikisha ana kwa ana hata siku ya kura, akiwa na kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Kwa posta au mtandaoni, mwisho ni siku 21 kabla.

Kuhusu madai kwamba kupanga ni "kuibiwa" ushindi: Novemba 2018 mgombea Bruce Poliquin aliongoza raundi ya kwanza ya kugombea kiti cha baraza la wawakilishi la Marekani katika wilaya ya pili ya Maine kwa takriban asilimia 46. Wagombea wawili huru walipoondolewa na kura zao kuhamia, mpinzani wake Jared Golden akashinda kwa asilimia 50.6. Poliquin alikwenda mahakama ya shirikisho, jaji akayakataa madai yake. Raundi za baadaye huhesabiwa Augusta, makao makuu ya jimbo, na hilo huchukua siku kadhaa, kwa hiyo tafadhali msitupigie simu Jumatano asubuhi, siku moja tu baada ya kura.